Serikali ipime maji ya visima, si ya bomba pekee

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie usalama wa maji ya kunywa Dar es Salaam. Kwa mujibu wa sensa, wakazi wa mkoa huu walikuwa takribani milioni 4.4 mwaka 2012 na wakafikia milioni 5.4 mwaka 2022, ilhali sehemu kubwa ya maji ya bomba bado inategemea Mto Ruvu, ambao kina chake kikishuka, kama ilivyotokea mwishoni mwa mwaka 2022, mgawo huanza na watu hukimbilia visima, maboza na madumu ya mikokoteni.

Hapo ndipo penye hatari. Katika mitaa iliyobanana, kisima na choo cha shimo hutenganishwa na hatua chache tu, na mvua za masika zikijaza vyoo hivyo, uchafu hupenya ardhini hadi kwenye maji. Kwa macho maji hayo ni safi, tena hayana harufu, na mama anayenunua dumu hana namna ya kujua kama yana vimelea vya kipindupindu. Kumwambia achemshe ni ushauri mzuri, lakini mkaa ni ghali, na ushauri hauiondolei Serikali wajibu wake.

Napendekeza visima vyote vinavyouza maji visajiliwe na kupimwa kila baada ya masika na vuli, majibu yabandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa, na kisima kisichofaa kifungwe mara tu wananchi wanapopatiwa kioski cha maji salama karibu nao.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam