Barua ya malalamiko: Ruta yenu imezitenga kompyuta za nyumbani kwangu

Rau,
Moshi.
12 Agosti 2025

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja,
Tawi la Moshi.

Ndugu Meneja,

YAH: RUTA YENU KUZUIA KOMPYUTA ZANGU KUSHIRIKIANA MAFAILI, NA USHAURI WA HATARI NILIOPEWA NA WATUMISHI WENU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa intaneti ya faiba. Nalipa kila mwezi kwa wakati na sijawahi kukatiwa huduma kwa sababu ya deni. Nawaandikia kwa kuwa tangu mafundi wenu waje kunibadilishia ruta mwezi Juni, kompyuta za nyumbani kwangu hazionani tena. Simu nimepiga, ofisini nimefika, na jibu limekuwa lilelile: intaneti inafanya kazi, kwa hiyo tatizo ni la kwangu. Intaneti inafanya kazi, hilo sibishani nanyi. Ninacholalamikia ni mtandao wa ndani ya nyumba, ambao nao unapita kwenye hicho hicho kifaa chenu.

Kazi yangu ni kuandika vitabu vya hesabu. Wateja wangu ni vyama vya msingi vya kahawa huko mlimani, maduka ya vifaa vya ujenzi hapa mjini na nyumba za wageni. Kompyuta ya mezani iko chumba cha nyuma, imeunganishwa na ruta kwa kebo, na ndiyo inayotunza folda ya hesabu zote. Binti yangu anaingiza risiti akiwa sebuleni kwenye laptopu yake, mimi nakagua kwenye laptopu yangu, na printa tunaitumia sote. Kwa ruta ya zamani tulifanya kazi hivyo kwa miaka. Kila mmoja alifungua folda ileile, faili moja, nakala moja.

Sasa hivi tunabebeshana flashi. Binti anamaliza kuingiza risiti za asubuhi, analeta flashi chumba cha nyuma, na wakati huo mimi nimeshasahihisha faili lilelile kwenye kompyuta ya mezani. Zinakuwepo nakala mbili, kila moja ina kitu ambacho mwenzake hana. Jioni tunakaa kulinganisha mstari kwa mstari, na wala si kazi ya kufanya ukiwa umechoka, maana namba moja ikirukwa mkulima anapunjwa. Msimu wa kahawa umeanza. Kwenye folda hiyo kuna majina ya wakulima, kilo walizopeleka na fedha wanazodai. Kuna pia ritani za wateja wangu: PAYE na SDL, yaani kodi na tozo za mishahara, mwisho wake ni tarehe 7 ya kila mwezi, VAT ni tarehe 20. Mamlaka ya Mapato haisubiri mtu kwa kuwa ruta yake ina matatizo.

Ofisini kwenu niliambiwa nitumie hifadhi ya mtandaoni. Maana yake faili litoke sebuleni, lisafiri hadi kwenye seva iliyoko nje ya nchi, ndipo lirudi chumba cha nyuma, hatua chache kutoka lilipoanzia. Na siku faiba ilipokatwa na wachimba mtaro barabarani, hata hilo halikuwezekana. Zamani intaneti ikikatika sisi tuliendelea na kazi kama kawaida, kwa sababu faili kutoka chumba hadi chumba halihitaji intaneti hata kidogo. Linahitaji ruta iwe imewashwa, na yangu iko kwenye inveta.

Naomba sehemu inayofuata muisome pamoja na fundi anayezijua ruta vizuri.

Ruta yenu inatoa waifai mbili. Ya kwanza ni ya kawaida, ambayo nenosiri lake hatukuachiwa. Ya pili ina neno la wageni mwishoni mwa jina lake, na ndiyo ambayo fundi wenu aliunganisha laptopu zetu zote mbili na printa, akisema nenosiri lake ni rahisi kukumbuka. Waifai ya wageni imetengenezwa ili mgeni apate intaneti bila kugusa vifaa vya mwenye nyumba. Kila kifaa kilichoko humo kinaruhusiwa kwenda nje tu. Kwa wenzake ndani ya nyumba hakiruhusiwi. Ni sawa na kumfungulia mtu mlango wa barabarani ukamfungia milango yote ya vyumba. Hotelini au kwenye mgahawa inafaa sana, hata mimi nisingependa mgeni wa chumba namba fulani aone laptopu ya jirani yake. Lakini hapa ni nyumbani kwangu, na wanaofungiwa ni mimi na mwanangu.

Najuaje kwamba ndicho kinachotokea? Laptopu yangu ikiwa kwenye hiyo waifai, nikifungua dirisha la amri na kuipingi ruta, yaani kuiita kwa anwani yake, 192.168.1.1, nione kama inaitika, inajibu mara moja. Nikiipingi kompyuta ya mezani, 192.168.1.10, naambiwa haifikiki. Nikiandika \\192.168.1.10\Hesabu, Windows inazunguka weee, kisha inasema haiioni. Nikachukua kebo ya mtandao, nikaichomeka laptopu ileile nyuma ya ruta ileile, nikazima waifai. Kuipingi 192.168.1.10, inajibu. Kuandika anwani ileile ya folda, ikaniuliza jina na nenosiri, ikafunguka hapo hapo, mafaili yote haya hapa. Kwenye Windows sikugusa kitu chochote. Nikachomoa kebo nikarudi kwenye waifai, folda ikapotea tena. Ndugu Meneja, kosa lingekuwa kwenye kompyuta, kebo isingeliponya.

Yako mambo ambayo ni ya upande wa kompyuta, na hayo nilishayamaliza kabla sijawapigia simu. Ruta ikibadilishwa, Windows huona imeingia mtandao mpya, na mtandao mpya huweza kuuchukulia kuwa wa hadharani. Hapo kompyuta inajificha ili isionekane na watu wasiojulikana. Kwenye kompyuta ya mezani niliubadilisha kuwa wa faragha, nikawasha ugunduzi wa mtandao na ushirikishaji wa mafaili na printa, nikahakiki kwamba folda ina ruhusa kwa akaunti yangu na ya binti yangu, na nikaipa kompyuta hiyo anwani isiyobadilika ili tusiitafute kila umeme unaporudi. Nayataja yote ili mtu wenu asinirudishe tena kwenye hatua ya kwanza.

Sasa nije kwenye jambo lililoniumiza zaidi ya waifai yenyewe.

Dada aliyepokea simu yangu alinisomea maelekezo kutoka kwenye karatasi. Akaniambia nifungue HomeGroup, njia ya zamani ya Windows ya kushirikiana mafaili nyumbani. HomeGroup iliondolewa na Microsoft kwenye Windows 10 mwaka 2018, na Windows 11 ilitoka bila kuwa nayo kabisa. Nilipomwambia haipo, akasema niangalie vizuri. Yeye simlaumu, alikuwa anasoma alichopewa. Nawalaumu waliompa karatasi ambayo imepitwa na wakati miaka yote hiyo na kumwacha ajibizane na wateja.

Kisha mkaniletea fundi, kwa malipo ya shilingi 25,000. Kijana mwenye adabu, alinisalimia vizuri, akakaa mbele ya kompyuta ya mezani. Ruta hakuigusa. Alipoona folda haionekani sebuleni, alizima fayawoli, ule ukuta unaoikinga kompyuta na wavamizi wa mtandaoni. Haikuonekana. Akaondoa sharti la kuingia kwa nenosiri. Haikuonekana. Akaipa folda ya hesabu ruhusa ya mtu yeyote yule kusoma na kuandika, na mwisho akawasha SMB 1, ikabidi kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Bado haikuonekana. Akaniambia, "Mama, kompyuta hii imezeeka, tafuta nyingine," akakusanya vitu vyake, akaaga. Vyote alivyovifungua aliviacha wazi.

Fundi wa mtandao anapaswa kujua SMB 1 ni nini. SMB ni utaratibu ambao kompyuta za Windows hutumia kupeana mafaili, na toleo lake la kwanza ni la miaka ya 1980. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilianza kusambaa duniani kwa kupitia tundu la SMB 1, kikawa kinafunga mafaili ya watu na kudai walipe kwa bitcoin. Huko Uingereza hospitali za umma zilishindwa kuhudumia baadhi ya wagonjwa. Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka cha kuziba tundu hilo Machi mwaka huohuo, na mwishoni mwa 2017 wakaanza kutoa Windows 10 ambayo haiji tena na SMB 1 ikiwa imewashwa. Kompyuta yangu ya mezani ina Windows 10, laptopu zina Windows 11, na zote huongea kwa SMB 3, toleo jipya zaidi. Kuwasha SMB 1 kusingesaidia kitu. Kilichofanyika ni kuirudisha hatari ambayo ilishaondolewa.

Na kuna nini kwenye folda hiyo? Namba za simu za wakulima, namba zao za akaunti za benki, TIN za wenye maduka, mishahara ya wafanyakazi wao. Watu hao wameniamini mimi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inanitaka mimi ninayezitunza taarifa hizo nizilinde. Usiku uleule nilirudisha fayawoli, nikazima SMB 1, nikarudisha nenosiri na ruhusa za folda kama zilivyokuwa. Mimi niliweza kwa kuwa nilisimama nyuma ya kiti nikaangalia kila alichobofya. Lakini fundi huyo hakuja Rau peke yake. Yuko Soweto, yuko Majengo, yuko Kiboriloni, anaingia kwa watu wenye maduka, wenye zahanati, wazee ambao watoto wao wamewawekea kompyuta na kuondoka. Nani atawarudishia fayawoli zao?

Niliomba nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta nijirekebishie mwenyewe. Nikaambiwa ni sera ya kampuni, mteja hapewi. Sawa, sera naiheshimu. Lakini kama mteja haruhusiwi kugusa mipangilio, basi akihitaji ibadilishwe ni juu yenu kuibadilisha. Hamwezi kunizuia nisiiguse na wakati huohuo mkaniambia haiwahusu.

Kwa hiyo naomba, kabla ya tarehe 20 mwezi huu, mtu mwenye uwezo wa kuingia kwenye ruta atuhamishie kwenye waifai ya kawaida, atupe nenosiri lake, na ahakikishe nayo haikuwekewa kizuizi cha vifaa kutoonana. Ile ya wageni ibaki kwa wageni. Naamini hili linawezekana hata kwa mtu aliyeko ofisini kwenu, kwani mlishawahi kunibadilishia jina la waifai nikiwa nanyi kwenye simu. Ikishindikana, iwekeni ruta yenu ipitishe intaneti tu, nami nitachomeka ruta yangu ya zamani isimamie mtandao wa nyumba. Fundi akija, asipime kwa kufungua tovuti. Apime kwa kufungua folda ya Hesabu kutoka sebuleni kwa waifai, na kwa kutoa karatasi moja kwenye printa.

Naomba pia nirudishiwe shilingi 25,000, kwa sababu kazi niliyoilipia haikufanyika na iliyofanyika imebidi niifute. Na naomba mnijibu kwa maandishi kwamba karatasi ile ya maelekezo imeondolewa, na kwamba mafundi wenu wamekatazwa kuzima fayawoli na kuwasha SMB 1 kwenye kompyuta za wateja. Kati ya yote niliyoomba, hili la mwisho ndilo ninalolitaka zaidi, hata kuliko fedha.

Natambua utaratibu ni mteja kuanza kwa mtoa huduma wake, na ndiyo maana barua hii nimeileta kwenu na si kwingine. Nisipopata jibu, malalamiko haya pamoja na viambatanisho vyake nitayapeleka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ofisi ya Kanda ya Kaskazini, Arusha.

Nipo nyumbani siku zote za kazi isipokuwa Ijumaa, ambapo nakuwa mlimani kwenye vyama. Namba yangu ya simu na ya mkataba ziko kwenye nakala ya ankara niliyoambatanisha. Fundi apige simu kabla ya kuja, ili binti naye awepo na laptopu yake.

Wenu,

Mteja wa faiba,
Rau, Moshi.

Viambatanisho: nakala ya ankara ya Julai, risiti ya malipo ya fundi, picha za skrini zinazoonyesha majibu ya ping kwa waifai na kwa kebo, picha ya mipangilio ya fayawoli na SMB 1 kama fundi alivyoiacha.