Mbu hasubiri mshale utoke

Bwana Mhariri,

Mimi ni seremala wa Katuba, hapa Lubumbashi, umri miaka 63. Gazeti lenu nalisoma jioni, nikishaweka randa chini. Majuma mawili yaliyopita mlitoa habari ndefu juu ya malaria. Ilikuwa nzuri. Mama watoto aliikata akaibandika ukutani juu ya kitanda, na hapo ndipo mahali pake, maana yote ilikuwa ya kitandani: jinsi ya kufunga chandarua, jinsi ya kukichomeka chini ya godoro, jinsi ya kukishona kikitoboka. Sina ugomvi na chandarua, nalala ndani yake kila usiku. Ninachouliza ni juu ya zile saa mbili kabla ya kitanda. Mimi mbu hawanikuti nimelala. Wananikuta nimesimama, mkono wa kushoto umenyooka, ugwe wa upinde umegusa kidevu, mikono yote miwili ina kazi, na mdudu akitua puani sina cha kumfanya.

Nafundisha watoto wa jirani kulenga shabaha. Hakuna anayenilipa na hakuna aliyenituma. Wako wanane, siku nyingine tisa, wananiita kambo, yaani babu, wote hata wasio wajukuu zangu. Uwanja wetu uko pembezoni mwa mji, upande wa Annexe, palipobaki kichuguu kimoja cha vile vikubwa ambavyo kila mtu wa Lubumbashi anavijua, kirefu kupita nyumba. Mbele yake tumetundika gunia lililoshindiliwa matambara na maganda ya mahindi. Mshale ukikosa gunia unaingia kwenye udongo wa kichuguu, hauendi kwenye shamba la mama wa watu. Wadogo wanapiga kutoka hatua kumi na tano, wakubwa thelathini. Tunaanza saa kumi na nusu, jua likipoa na watoto wakishatoka shule, tunaacha giza likiingia. Sasa hesabu mwenyewe, Bwana Mhariri: muda wetu wa kufanya mazoezi ndio muda wa mbu kuanza zamu.

Mvua zilizopita kijana mmoja alikuwa amevuta mpaka mwisho, upinde umekunjika vizuri, mimi nyuma yake namwangalia bega. Mbu akatua kwenye kope la jicho analolengea. Niliona kope likicheza mara moja, mara mbili. Halafu vidole vikafunguka vyenyewe. Mshale ulipita juu ya kichuguu ukapotea kwenye nyasi, na yeye tayari ameshajipiga kofi la uso. Hakuna aliyeumia, lakini jioni ile sikula bukari yangu vizuri. Tangu siku hiyo sheria yetu ya kwanza si ya kulenga. Ni hii: mdudu akikuuma ukiwa umevuta, rudisha ugwe taratibu mpaka upinde ulegee, shusha mshale chini, halafu jikune utakavyo. Achia kwa kulenga tu, usiachie kwa kuwashwa.

Mpwa wangu anayefanya kazi Kasumbalesa, mpakani na Zambia, alisikia habari hiyo akaniletea chupa ya dawa ya kufukuza mbu, ya kupulizia ngozini, kutoka ng'ambo ya mpaka. Imeandikwa DEET, asilimia 50. Watoto waliifurahia kama manukato. Mmoja akajipulizia viganja vyote viwili, akasugua, akachukua upinde wangu mwenyewe, ule wa mti wa mkole niliouchonga kwa majuma matatu na kuupaka verni (vanishi) mara tatu. Kesho yake niliushika ukanishika. Pale pa kushikia verni ilikuwa imelainika, na vidole vyake vyote vitano vimechapwa hapo kama mtu aliyekwenda kujiandikisha kupiga kura. Mishale miwili ya kizungu yenye manyoya ya plastiki, ambayo mpwa huyo huyo alinipa, manyoya yake yalikuwa yamepinda na kunata.

Nikaipeleka ile chupa kwa mfamasia wa jirani kuishitaki. Akacheka. Akasema dawa si mbaya hata kidogo, ilitengenezwa kwa ajili ya jeshi la Marekani mwaka 1946, raia wakaanza kuitumia 1957, na mpaka leo ni katika zile zinazoaminika zaidi. Ila inayeyusha plastiki, rangi na verni. Pamba na sufu haizidhuru. Nilimwambia ningelijua hilo ningeiweka karakanani, maana ile ninayonunua ya kubandulia verni ya zamani ni ghali kuliko hiyo.

Jambo jingine alilonifungua macho: ile asilimia kwenye chupa haisemi ukali, inasema muda. Yenye 10 inakulinda kama saa mbili, yenye 25 kama saa tano. Sisi tunafanya mazoezi saa moja na nusu. Ya 50 tulikuwa tunaimwaga bure. Iko na nyingine inaitwa pikaridini, ambayo haigusi plastiki wala verni, lakini kuipata hapa mjini ni kazi. Kwa hiyo tumeendelea na DEET, ila sasa tuna utaratibu. Anayepiga mshale hajipaki mwenyewe. Mwenzake ndiye anayempaka shingo, nyuma ya masikio, na sehemu ya mikono iliyo wazi, hafiki viganjani, hafiki karibu na macho wala mdomo. Kisha mpakaji ananawa kwa sabuni kabla ya kushika chochote. Hata jasho la kawaida linaharibu kuachia mshale, sembuse kidole chenye mafuta: ugwe unateleza kabla ya wakati na shabaha imekwenda. Na mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili asipakwe kabisa. Nalisema hilo kwa sababu dada wa mmoja wa wanafunzi wangu huja uwanjani na kichanga mgongoni.

Lakini dawa ya kupaka ni ya pili. Ya kwanza ni nguo, na hasa nguo ya mguuni. Watu wanadhani mbu anatafuta uso kwa kuwa ndiko wanakomsikia akiimba. Mbu wa malaria wa huku kwetu, akimkuta mtu amesimama au ameketi, anapenda kushuka chini, kwenye nyayo na vifundo. Mimi sikuamini mpaka nilipokaa nikawahesabia watoto vipele. Waliokuja na kandambili walikuwa wameumwa vifundoni kama waliotembea kwenye upupu, na usoni karibu hakuna. Tangu hapo hakuna anayeshika upinde bila soksi ndefu za mpira, ndefu mpaka gotini, ziwe za timu yoyote, na suruali imechomekwa ndani ya soksi. Sura haipendezi. Kupe wa kwenye nyasi nao wanakosa mlango. Mmoja alikuja amejifunga chandarua kipya cha bure kichwani mpaka kiunoni, ameacha tundu la macho. Tulicheka mpaka machozi, kisha nikamrudisha nyumbani akakifunge juu ya kitanda cha mama yake.

Naona wengine wanajipaka petroli ya taa, au mazuti yaliyochanganywa na mafuta ya mawese. Waache. Inachoma ngozi, na mtu aliyejipaka petroli halafu akaketi karibu na mbabula wa makala, yaani jiko la makaa, mimi simkaribii.

Nirudi kwenye uwindaji, maana upinde haukuzaliwa uwanjani. Mimi nilifundishwa na mjomba wangu, tukitoka upande wa Kasenga kuelekea mto Lwapula, yeye, mbwa wawili, na mimi wa kubeba podo. Kule adui wa mchana hakuwa mbu, alikuwa mbung'o. Mbung'o hana adabu ya mbu ya kungoja jioni. Anakuja saa sita jua kali, anafuata kitu kinachokwenda, awe ng'ombe au baiskeli, na anachoma juu ya shati. Safari moja tulikuwa na rafiki wa mjomba aliyefanya kazi mgodini. Alikuja porini na salopeti yake ya kazi, ya buluu, mpya kabisa. Mimi nilikuwa na kaptula ya kaki iliyopauka. Tulipita njia moja, hatua tano mbali. Mgongo wake ulijaa mbung'o mpaka mjomba akawa anampangusa kwa tawi la majani, mimi nilichomwa mara mbili tu. Mjomba alisema damu yake ni tamu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoona mitego ya mbung'o ya kitambaa cha buluu na cheusi, nikaelewa kwamba yule bwana alikuwa mtego unaotembea. Mbung'o anaipenda buluu. Kwa hiyo mpwa wangu, anayekwenda kuwinda kanga akiwa na kibali chake mkononi kama sheria ya uwindaji ya 1982 inavyotaka, nimemkataza jinzi. Avae kaki au rangi ya majani makavu, kitambaa kizito, mikono mirefu. Dawa ya kupaka peke yake mbung'o haimtishi sana.

Faraja iliyopo ni kwamba mbung'o hana uzazi wa mbu. Hatagi mamia ya mayai, analea buu mmoja mmoja tumboni. Kila jike anayenaswa ni hasara kubwa kwa ukoo wake. Mitego, na kupima watu vijijini, na dawa bora, vimesaidia sana kupunguza malale, ugonjwa anaoueneza mbung'o: mwaka 1998 walioandikwa duniani walikaribia 40,000, wengi wao wa nchi yetu ya Kongo, na tangu 2018 kwa mwaka hawafiki 1,000.

Mwindaji ana shida nyingine ambayo mwenye gunia hana: harufu. Gunia halinusi. Swala ananusa, na nguruwe wa porini ananusa zaidi. Dawa nyingi za dukani zimetiwa manukato, unajificha vizuri huku pua ya mnyama imekuona kitambo. Mjomba alitumia kivumbasi, ambacho wengi huku wanakiita lumba-lumba. Alifikicha majani akajipaka vifundo na shingo, kisha akasimama katika moshi wa moto wa asubuhi mpaka nguo zikanuka. Kivumbasi kinafukuza mbu kweli, ila hakidumu, lazima urudie rudie. Kuhusu moshi, alisema mwezi wa nane na wa tisa pori lote linanuka moshi, mnyama hawezi kukimbia kila moshi, atafia njiani. Sijui kama swala walikubaliana naye, ila nyama tulikula. Jambo moja alilofanya naona lina akili hata leo: alichagua kuketi juu, penye upepo unaompiga usoni, badala ya kushuka ukingoni mwa dambo, lile bonde lenye majimaji. Upepo unachukua harufu yako nyuma, na mbu ni mrukaji dhaifu, upepo ukivuma hatui.

Leo sehemu nyingi nilizopita na mjomba zimekatwa miti ya makala, ukitaka kumwona kanga utembee. Hilo ni la barua nyingine.

Sasa ombi langu. Pembeni ya uwanja wetu wako wafyatua matofali. Udongo wa kichuguu ndio unaotoa tofali zuri, wala siwalaumu, nyumba yangu mwenyewe imejengwa hivyo. Lakini wakishachoma tanuri wanahama, shimo linabaki. Mvua ikinyesha, shimo linajaa maji yaliyotulia, yenye jua, yasiyo na samaki. Mbu wa malaria hataki zaidi ya hapo, hata alama ya kwato ya ng'ombe ikijaa maji inamtosha. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni juma moja mpaka mawili. Niliinama nikachota maji yale kwa kikombe cheupe cha chai: vijiti vidogo vyeusi, vimelala sambamba na uso wa maji, ukigusa kikombe vinazama vikijipinda. Nilihesabu kumi na saba katika kikombe kimoja. Tumekuwa tukipakana dawa jioni nzima hatua arobaini kutoka mahali mbu wanapozaliwa.

Mkiandika tena juu ya malaria, andikeni na juu ya mashimo haya. Mwenye tanuri arudishe udongo kabla ya kuhama, au walau achimbe mfereji maji yatoke. Mwenye kiwanja anayemruhusu kuchimba amwekee sharti hilo mapema, kabla ya kupokea franka zake.

Sisi tumeanza na letu. Jumamosi mbili watoto wamekuja na majembe kabla ya pinde, tumekata mfereji, maji yameshuka, na sasa tunajaza mabaki ya matofali yaliyovunjika. Chini kabisa, kwenye tope, tumekuta mishale minne tuliyodhani imeibwa, mmoja ni ule uliopita juu ya kichuguu. Manyoya yameoza, mti bado umenyooka. Nimeiweka kivulini ikauke.

Wasalaam,
Seremala wa Katuba, Lubumbashi