Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: watoto ambao dawa za kifafa hazijawatuliza

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa Morogoro, mama wa binti mwenye kifafa. Ombi langu ni kwamba Wizara yako ifungue njia halali ya kuingiza nchini dawa ya maji ya kanabidioli (CBD), iliyosafishwa na kupimwa, kwa watoto ambao dawa za kawaida zimeshindwa kuwatuliza. Siombi bangi ihalalishwe. Siombi mtu yeyote avute chochote.

Dawa hiyo hutokana na mmea wa bangi, lakini CBD si kile kiini kinacholevya. Marekani iliipitisha Juni 2018 kwa aina mbili za kifafa kikali cha utotoni, Dravet na Lennox-Gastaut. Ulaya ikafuata mwaka 2019. Utafiti uliochapishwa 2017 ulihusu watoto na vijana 120 wenye Dravet. Waliopewa CBD juu ya dawa zao za kila siku walikuwa wakipata degedege mara 12 hivi kwa mwezi, zikashuka hadi 6. Waliopewa dawa ya kulinganishia, isiyo na CBD ndani yake, walitoka 15 wakafika 14. Haiponyi, Mheshimiwa, na ina madhara yake: wapo waliosinzia kutwa, wapo walioharisha, na wapo ambao vipimo vya ini vilipanda, hasa waliokuwa wakitumia valproeti, dawa nyingine ya kifafa. Kwa hiyo nataka iwe mikononi mwa daktari.

Leo haiko huko. Wazazi tunapokutana kliniki tunanong'onezana. Mmoja ameuziwa mafuta kwenye chupa isiyo na lebo, aliyemuuzia anamjua kwa namba ya simu tu. Mwingine anachemsha majani na kumnywesha mwanawe usiku, mlango umefungwa. Majani hayo yana THC, ndiyo inayolevya, na hakuna anayejua ni kiasi gani kinaingia kwenye ubongo wa mtoto ambao tayari unaumwa. Binti yangu ametumia fenobabitoni, kisha valproeti, kisha zote mbili, na bado anaanguka. Mkono wake wa kulia una kovu la moto wa jikoni. Na mimi nimeletewa chupa hiyo. Sikumpa. Lakini mama aliyempa wa kwake siwezi kumlaumu, na wala sitaki apelekwe polisi. Nataka apate mahali pa kwenda.

Nitaambiwa kwamba bangi ni dawa ya kulevya na Sheria ya mwaka 2015 ni kali. Ni kweli. Lakini mofini nayo hutoka kwenye mmea uleule unaozaa heroini, na Taasisi ya Saratani Ocean Road inawapa wagonjwa wenye maumivu makali, kwa kipimo na kwa kumbukumbu. Tangu 2011 Muhimbili inawanywesha waraibu wa heroini methadoni, dawa mbadala ya heroini, mbele ya mhudumu. Nchi yetu inajua kutofautisha tiba na ulevi, na imefanya hivyo vizuri. Hata Kamisheni ya Dawa za Kulevya ya Umoja wa Mataifa, Desemba 2020, kwa kura 27 dhidi ya 25, iliiondoa bangi kwenye orodha ya dawa hatari zaidi zenye manufaa madogo ya tiba au zisizo nayo kabisa.

Wagonjwa wengi wa kifafa hawaihitaji CBD. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata tiba sahihi, na tiba hiyo kwa wengi ni vidonge vya bei ndogo. Kwa mgonjwa wa Mahenge, ambako kifafa kimezidi kwa miaka mingi, fenobabitoni isiyokatika zahanati ndiyo ya kwanza. Ombi langu lisije likala fungu lake. Mimi nawasemea wale wanaobaki baada ya vidonge.

Kwa hao, TMDA, mamlaka inayosimamia dawa na vifaa tiba, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya wakae pamoja, watoe kibali kwa hospitali chache zenye madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu: Muhimbili, KCMC, Bugando. Ini lipimwe kabla na baada. Bei ndiyo inayonitisha zaidi, maana ilipoanza kuuzwa Marekani ilikuwa takribani dola 32,500 kwa mwaka. Hakuna mzazi wa huku atakayeiweza bila Serikali kujadiliana na watengenezaji na bima kubeba mzigo.

Tupo wazazi tulio tayari kuja Dodoma na mafaili ya watoto wetu. Tunaomba utupangie tarehe.

Mama wa mgonjwa,
Morogoro