Kaa na Mzee, unirekodie

Mwanga, Kigoma
Jumapili jioni

Shoga yangu Mama Zuhura,

Salaam nyingi. Huku wazima, Mama Shida kajifungua salama, mtoto wa kike. Najua nimekaa kimya tangu Idi. Leo nakuandikia kwa haraka, nina shida na wewe.

Nimepewa kuzungumza na kidato cha pili Siku ya Redio Duniani, Februari 13. Nimesoma usiku tatu mfululizo. Nimemwandika Marconi, yule Mwitaliano wa mwanzo wa redio, Desemba 1901, yuko Newfoundland, Kanada ya leo, waya wake umeinuliwa na tiara katika upepo, anasikia nukta tatu tu, herufi S kwa alama za simu ya upepo, zimevuka bahari kutoka Uingereza. Nukta tatu! Nimeandika Novemba 2, 1920, stesheni ya redio ya KDKA kule Pittsburgh, Marekani, ilivyosoma matokeo ya uchaguzi wa rais usiku uleule, watu wasingoje gazeti. 1922 ikaanza BBC ya Uingereza, 1928 redio ya Nairobi. Nikafika kwetu: redio ya Sauti ya Dar es Salaam, 1951. Sentensi moja, nikakwama.

Ndipo nikamkumbuka Mzee. Unakumbuka alivyotusimulia pale barazani Isevya, Tabora? Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, walivyojazana dukani, redio imeungwa kwenye betri ya gari, wengine wamesimama barabarani, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Mimi nilikuwa namenya embe, sikuuliza hata swali moja. Mama yangu naye alikuwa na ya kwake, nikawa nasema likizo ijayo, likizo ijayo... basi, yameshapita.

Kwa hiyo nakuomba, kaa na Mzee umrekodi kwenye simu. Mambo ya KDKA watoto watayasoma popote. Ya duka lile hayakuandikwa na mtu. Mngoje asubuhi akishakunywa uji, kifua kikiwa chepesi. Usimkatize, hata akianza kueleza habari za reli kwanza. Nataka sauti yake yenyewe, waisikie darasani.

Kifua kinaendeleaje, dawa anameza? Ile redio ya mbao bado iko juu ya kabati, au wajukuu wameshaifungua? Kabla ya ile ya dukani, aliwahi kuona redio wapi? Betri walikuwa wakiichajisha kwa nani? Wanawake nao walikuja kusikiliza usiku ule, au walibaki nyumbani? Na dagaa nikufungashie kiasi gani, Mzee bado anapenda wakavu?

Akupendaye,
Mama Tatu