Paipu za breki na klachi mlizozipitisha kando ya bomba la moshi

Karatu,
21 Julai 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Ukarabati wa Magari ya Utalii,
Arusha.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU PAIPU ZA BREKI NA KLACHI KATIKA LAND ROVER DEFENDER 110

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mwezi Aprili nilileta kwenu Land Rover yangu ivuliwe bodi, chesisi ipigwe rangi, ifungwe injini ya dizeli yenye turbo mliyoitafuta ninyi wenyewe, kisha gari lote liunganishwe upya. Nililipa shilingi 19,400,000 na risiti zenu ninazo. Kwa bodi sina neno, na injini inavuta kuliko ile ya zamani. Ninacholalamikia ni paipu mbili nyembamba kuliko penseli, za mafuta ya breki na ya klachi, ambazo mafundi wenu walizifunga mwisho kabisa, kila kitu kingine kikiwa kimeshapata mahali pake. Palipobaki ni kando ya bomba la moshi, na ndipo walipozipitisha.

Tarehe 9 Julai nilikuwa na wageni wanne. Alasiri tulitoka kreta ya Ngorongoro kwa barabara ya kupandia ya Lerai. Kutoka sakafu ya kreta hadi ukingoni ni kupanda mita 600 hivi, gari liko gia nzito, mwendo wa kutambaa, na upepo wa kupooza huko chini ya boneti hakuna. Tulipofika juu nilisimama kupisha gari jingine. Nilipokanyaga klachi ili niondoke, pedeli ilizama ikabaki huko huko sakafuni. Gia ikagoma. Niliinyanyua kwa ncha ya kiatu, nikapampu mara nyingi, nikapata nusu ya klachi, nikajua labda upepo umeingia, nitaangalia nikifika Karatu.

Hatukufika. Tukiwa tunashuka msituni kuelekea geti la Lodoare, breki nayo ikalegea. Mguu ulikwenda chini bila kukutana na kitu. Nilipampu kwa nguvu zangu zote, nikaivuta breki ya mkono, nikalielekeza gari kwenye ukuta wa udongo upande wa mlima, kwa sababu upande wa pili ni korongo na ninyi mnalijua. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Wageni walichukuliwa na gari la mwenzangu. Mimi nilibaki pale, na baada ya saa moja na nusu, injini ilipopoa, pedeli zote mbili zilirudi juu, ngumu kama siku niliyolichukua gari kwenu. Nililala chini na tochi nikatafuta palipovuja. Hapakuwa na hata tone.

Nilipompigia msimamizi wenu wa gereji, alinijibu kwamba nimekalia breki mteremkoni, niongeze mafuta ya breki na nijifunze kushuka kwa gia. Jibu hilo limeniumiza kuliko hasara. Nimeendesha watalii kwenye barabara ile miaka 17. Na kama kosa lilikuwa kukalia breki, klachi ilichemka kwa sababu gani? Tena ilitangulia yenyewe, tukiwa tumetoka kupanda, kabla sijaanza kushuka.

Ndiyo maana nilimwita fundi mwingine tukafungua na kuangalia. Paipu ya breki za nyuma inapita sentimita moja na nusu tu kutoka bomba la moshi, pale linapotoka kwenye turbo, na inakwenda nalo sambamba karibu urefu wa mkono mzima. Paipu ya klachi iko juu yake kidogo. Tulipaka rangi nyeusi ya kuhimili joto sehemu fupi ya paipu, kwa kuwa chuma kinachong'aa hudanganya kipimajoto cha kuelekeza, kile kinachopima bila kugusa, kisha tukalipandisha gari mlima wa Mto wa Mbu, polepole, likiwa tupu. Juu kabisa tulipima nyuzi 168 za Sentigredi. Hapo hakukuwa na abiria wala mizigo.

Ankara yenu inaonyesha mlijaza mafuta ya breki ya daraja la DOT 3. Mafuta hayo yakiwa mapya kabisa, kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi 205, na yakishanyonya maji hushuka hadi 140. Nayo hunyonya unyevu hewani kila siku, ndiyo asili yake. Land Rover yenyewe huelekeza DOT 4, yenye 230 na 155. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa ilhali mafuta hayabanwi. Mguu wangu ulikuwa unabana mvuke badala ya kusukuma pistoni. Vilipopoa, mvuke ukarudi kuwa mafuta na pedeli ikarudi. Kuongeza mafuta kwenye kikopo kusingebadilisha lolote.

Msimamizi wenu alisema pia kwamba paipu "zimevikwa". Zimevikwa kondyuti ya plastiki ya nyaya za umeme, ambayo imeyeyuka na kugandia kwenye paipu. Hata kama ingekuwa soksi halisi ya kukinga joto, ya nyuzi za kioo, soksi huchelewesha joto, haiondoi. Mafuta ya breki hayazunguki kama maji ya rejeta, yanakaa palepale yakiiva. Kwanza paipu ihamishwe mbali. Pasipowezekana kuihamisha, liwekwe bati la kukinga joto lenye nafasi ya hewa kati yake na paipu. Soksi ni ya mwisho. Ninyi mmeanza na ya mwisho, tena kwa kitu kisichokuwa soksi.

Na klachi ina makosa mengine. Mmefunga paipu ngumu ya shaba moja kwa moja hadi silinda ya chini, ile inayosukuma klachi kwenye giaboksi, bila kipande cha mpira katikati. Injini inacheza kwenye mipira yake, chesisi haichezi. Paipu hiyo itapasuka siku yoyote. Tena mmeipandisha ikapiga nundu juu ya giaboksi, na upepo hujikusanya kwenye nundu.

Naomba yafuatayo yafanyike kwa gharama zenu. Paipu ya breki ihamishiwe upande wa kushoto wa chesisi, ambako bomba la moshi halifiki, ibanwe kwa klipu za chuma na si vibanio vya plastiki. Paipu ya klachi ishushwe upya, iwekewe mpira na bati la kukinga joto. Mafuta yote yamwagwe, ijazwe DOT 4, utolewe upepo mbele yangu, kisha fundi wenu apande nami Lerai na kushuka nami Lodoare. Nirudishiwe shilingi 1,150,000, yaani gharama za kuvuta gari na fedha niliyowarudishia wageni.

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Siku ile ya Aprili niliona Land Rover nyingine mbili kwenye yadi yenu zikifungwa injini kama yangu. Waiteni wenye magari hayo leo, kabla hamjanijibu mimi.

Gari langu limeegeshwa na halitatoka. Nasubiri majibu yenu ya maandishi ndani ya siku 14. Baada ya hapo nitapeleka picha, vipimo na risiti kwenye Tume ya Ushindani.

Mteja wenu,
Mmiliki na dereva wa gari