Aliyepona saratani utotoni asitoke kliniki mikono mitupu

Mhariri,

Mtoto aliyetibiwa saratani akiwa darasa la kwanza sasa ana kitambulisho na anajipeleka hospitali mwenyewe. Kliniki ya watoto imeshamtoa, na kwa watu wazima akiulizwa alitibiwa nini anajibu, "Uvimbe." Wazazi wengine humficha hata jina la ugonjwa, wakihofia binti yao atakosa mchumba. Daktari naye afanye nini na jibu hilo?

Tunaomba kila mtoto, siku anapomaliza matibabu, aandikiwe karatasi moja: aina ya saratani, mwaka, upasuaji aliofanyiwa, sehemu iliyopigwa mionzi na kiasi chake, na kila dawa pamoja na jumla yake. Hiyo jumla ndiyo huachwa. Faili huonyesha dozi ya kila awamu, lakini hakuna anayezijumlisha, na baada ya miaka kumi faili lenyewe halionekani.

Chukua doksorubisini, ile dawa nyekundu ya saratani inayobadilisha rangi ya mkojo. Huweza kudhoofisha moyo kimyakimya, miaka mingi baadaye. Aliyepata jumla ya miligramu 250 au zaidi kwa kila mita mraba ya eneo la mwili anahitaji eko ya moyo, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kila miaka 2. Wa 100 hadi 249, kila miaka 5. Akishika mimba, eko ifanywe mapema, kwani ujauzito huuongezea moyo kazi. Wakunga wetu wataijuaje hatari hiyo kama karatasi haipo?

Aliyetolewa figo moja kwa uvimbe wa Wilms, saratani ya figo ya watoto, apimwe presha na protini kwenye mkojo kila mwaka, na asijinunulie diklofenaki dukani kila mgongo ukimuuma, kwani huweza kuumiza figo iliyobaki. Aliyepewa sisplatini, dawa ya saratani inayoweza kudhuru usikivu, apimwe masikio. Aliyeugua retinoblastoma, saratani ya jicho, kwenye macho yote mawili, kila mtoto atakayemzaa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kurithi kasoro ya jeni inayoileta. Mtoto huyo aonwe na daktari wa macho tangu wiki za kwanza, wasingoje mboni ing'ae nyeupe kwenye picha ya simu.

Nakala ziwe tatu: ya kijana, ya faili, na ya daktari wa watu wazima atakayempokea, ambaye atajwe kwa jina. Kuandika tu "aende kliniki ya wakubwa" ni kumpoteza, hasa anayetoka Lamu au Tana River kwa nauli ya kukopa. Na kuanzia miaka 13 hivi, mama asubiri nje kidogo, kijana ajieleze mwenyewe kwa daktari.

Wauguzi wa watoto,
Mombasa