Mangi, nina shida ya madume wa sato

Tengeru, Julai

Mangi,

Habari za Kibosho? Mama mfikishie shikamoo yangu. Sisi wazima, ila baridi, acha tu.

Najua utasema nakutafuta nikiwa na shida. Ni kweli. Naomba madume wa sato kutoka bwawani kwako, wakiwa hai. Wa sokoni hawanifai: wamelala kwenye barafu, na korodani zao chini ya hadubini ni uji mtupu.

Nahangaika na namna seli zinavyoshikana humo ndani. Seli mama moja ya mbegu huzungukwa na seli za Sertoli, zile walezi wa mbegu, kikawa kifuko. Hugawanyika humo humo, na wazao wake wote hukua kwa hatua moja, wakiunganishwa na vijia vya saitoplazimu, ule ute wa ndani ya seli. Seli za Sertoli nazo hushonana kama mdomo wa gunia, vitu vya kwenye damu visijipenyeze. Lini sasa? Kwa panya, na kwetu pia, mshono hufungwa meiosisi, yaani ule mgawanyiko unaopunguza kromosomu kuwa nusu, ikiwa bado mwanzoni. Sato husubiri hadi meiosisi iishe! Wanaofungiwa ni wale waliobaki na nusu ya kromosomu, ambao kinga ya mwili ingewaona wageni na kuwashambulia. Mbegu zikiiva, maungio yale yale hulegea, kifuko hufunguka, zikatoka. Kuna mwenzangu hapa anasema Sertoli ni ukuta tu. Ukuta gani unalisha, unakula mabaki, halafu unajua siku ya kufungua? Tumebishana mpaka chai ikapoa.

Ndiyo maana nataka madume wanaozalisha kweli. Maji yakiwa na joto la nyuzi 25, kutoka meiosisi hadi mbegu kamili ni siku 10 au 11. Kwenye nyuzi 30 ni kama 6. Ukishuka hadi 20 kazi inakwama katikati ya meiosisi, na hapo mshono ninaoutafuta sitauona hata nikodoe vipi. Na maji yenu yanayotoka mlimani, mwezi huu... ndipo ninapopata wasiwasi.

Asubuhi maji yana nyuzi ngapi? Bado wanachimba viota, au wamezubaa? Uliwahi kulifunika bwawa kwa lile turubai? Na Babu Shirima akija Arusha na pikapu yake, atakubali kubeba ndoo, au bado ana kinyongo na ile safari ya kambale?

Wako,
Elia